Safari fupi ya Ujerumani: namna ya kuandaa maombi ya viza na kuvuka mpaka bila usumbufu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Afrika Mashariki anayekusudia kwenda Ujerumani kwa muda usiozidi miezi mitatu, iwe anakwenda kumtembelea ndugu, kuhudhuria maonyesho ya biashara au mkutano, au kutalii tu. Nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kupanga karatasi zao, na nimeona kwamba mara nyingi mtu hanyimwi viza kwa kukosa fedha wala kwa kukosa mwaliko, bali kwa sababu karatasi zake hazikubaliani. Barua ya mwajiri inataja likizo ya siku 14, tiketi inaonyesha siku 21, bima inakoma siku ya 15, na mwenyeji naye ameandika tarehe zake mwenyewe. Afisa anayelisoma jalada hilo hakujui wewe wala hawajui wazee wako. Anachokijua ni kile kilichomo katika karatasi tu. Kwa hiyo kila hatua inayofuata ina lengo moja, nalo ni kuzifanya karatasi zako zote zieleze safari ile ile.

Hatua ya kwanza: Fahamu viza unayoihitaji na mahali pa kuiomba

Ujerumani ni mojawapo ya nchi 29 za eneo la Schengen, ambazo zimeondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti baina yao na kukubaliana juu ya viza moja ya muda mfupi. Viza hiyo ni ya aina C, na humruhusu mwenye nayo kukaa katika eneo zima kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Haimruhusu kuajiriwa wala kuhamia. Anayekwenda kwa kazi, masomo ya muda mrefu au kuishi na mwenza wake anahitaji viza ya kitaifa ya aina D, ambayo masharti yake ni tofauti kabisa na hayahusiani na mwongozo huu. Uingereza na Ireland hazimo katika eneo la Schengen, na viza ya Ujerumani haikufikishi huko.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanahitaji viza. Barani Afrika ni pasipoti za Shelisheli na Morisi pekee zinazosamehewa, na kwa jamaa zetu walioko Ghuba, pasipoti ya Umoja wa Falme za Kiarabu imesamehewa tangu mwaka 2015 ilhali ya Oman haijasamehewa. Huenda umesikia habari za kibali cha mtandaoni kiitwacho ETIAS. Hicho ni cha wale wasiohitaji viza, kwa hiyo mtu yeyote anayejitolea kukutafutia ETIAS kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya anataka fedha yako bure.

Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, yaani nchi utakayokaa siku nyingi zaidi au yenye jambo hasa linalokupeleka, na iwapo siku ni sawa kila mahali, basi ni nchi utakayoingia kwanza. Mtu anayekwenda kukaa siku tano Berlin na siku tisa Paris hatakiwi kuomba kwa Wajerumani, hata kama amesikia kwamba miadi ya Wajerumani inapatikana haraka. Vilevile ombi huwasilishwa katika nchi unayoishi kihalali: Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman huomba Oman, na Mkenya anayefanya kazi Dar es Salaam huomba Dar es Salaam akiambatisha kibali chake cha ukaazi.

Msomaji mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo azingatie jambo moja la ziada. Kongo imo katika orodha fupi ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanja wa ndege, ya aina A, hata kama wanabadilisha ndege tu bila kutoka nje ya eneo la abiria. Anayesafiri kutoka Kinshasa kwenda nchi nyingine kupitia Frankfurt anaweza kuzuiwa kupanda ndege nyumbani kwa sababu hiyo peke yake, isipokuwa ana viza halali ya nchi kama Marekani, Kanada au Japani inayomwondolea sharti hilo.

Hatua ya pili: Panga kalenda kabla ya kupanga mizigo

Ombi hupokelewa si mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Baada ya kupokelewa, uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu muda huo kufikia siku 45 pale ambapo jalada linahitaji uchunguzi zaidi. Siku hizo huhesabiwa tangu ombi lipokelewe, si tangu ulipoanza kutafuta miadi, na wakati wa watu wengi kusafiri, hasa kuelekea Juni hadi Agosti, miadi yenyewe inaweza kuwa adimu. Kwa maoni yangu, anayesafiri Julai aanze kutafuta miadi Machi.

Miadi hutafutwa kwa kufuata maelekezo ya tovuti rasmi ya ubalozi wa Ujerumani katika nchi yako. Usimpe kishoka yeyote fedha wala nakala ya pasipoti kwa ahadi ya kukupatia nafasi, kwa kuwa hakuna mtu wa nje mwenye uwezo wa kuharakisha viza, na nakala ya pasipoti yako ikiwa mikononi mwa mtu usiyemjua inaweza kukuletea matatizo ambayo hutajua yametoka wapi.

Hatua ya tatu: Kagua pasipoti na majina yako

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na ibaki hai kwa miezi 3 au zaidi baada ya siku unayokusudia kuondoka Schengen. Hayo ni rahisi kuyaona. Lililo gumu zaidi kwetu ni majina. Mtu anaitwa Mwanahamisi katika cheti cha kuzaliwa, Mwanaamisi katika kitambulisho cha taifa, na katika akaunti ya benki limo jina la baba bila la babu. Nyumbani tumezoea, wala hakuna anayeuliza; katika jalada la viza hiyo inaonekana kuwa ni watu wawili au watatu. Kama tofauti hizo zipo, rekebisha mapema, au ambatisha hati ya kiapo ya wakili inayothibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na ujaze fomu kwa jina lililo katika pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya nne: Jenga jalada

Fomu ya Ujerumani hujazwa mtandaoni kupitia mfumo uitwao VIDEX, kisha huchapishwa na kutiwa saini. Jibu kila swali kwa ukweli, likiwemo swali la kama uliwahi kunyimwa viza, kwa kuwa maombi ya nchi zote za Schengen huhifadhiwa katika mfumo mmoja wa taarifa, na kutoa maelezo ya uongo ili kupata viza ni kosa la jinai kwa sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Picha iwe ya karibuni, yenye upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Mpiga picha wa mtaani aliyezoea picha za pasipoti za hapa nyumbani aambiwe vipimo hivyo waziwazi.

Bima ya safari ni lazima, nayo ifikie angalau yuro 30,000, itumike katika nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Isome kabla ya kuilipia, uhakikishe kwamba inaanza siku ya kuingia na kumalizika siku ya kutoka au baada yake. Kuhusu tiketi, kinachohitajika ni nafasi iliyowekwa ya kwenda na kurudi, na nakusihi usilipe nauli isiyorudishwa kabla viza haijatoka.

Kwa malazi, mtalii huonyesha nafasi za hoteli kwa kila usiku, na anayekwenda kwa ndugu huambatisha barua ya mwaliko. Barua nzuri ya mwaliko haina maneno mengi: inataja mwenyeji ni nani, mna uhusiano gani, utakaa anwani gani, kuanzia tarehe gani hadi gani, na nani analipia nini, ikiambatana na nakala ya pasipoti au kibali cha ukaazi cha mwenyeji. Iwapo mwenyeji ndiye atakayebeba gharama zote, barua haitoshi. Inabidi aende katika ofisi ya wageni ya mji wake, ambayo kwa Kijerumani ni Ausländerbehörde, akaonyeshe mapato yake na kutia saini hati rasmi ya dhamana inayoitwa Verpflichtungserklärung, kwa ada ya yuro 29. Kwa hati hiyo mwenyeji anawajibika kisheria kulipa gharama zako za maisha, za matibabu na hata za kukurudisha ikibidi, kwa hiyo lisiwe jambo la kumwomba mtu kwa simu ya dakika mbili. Hati halisi, si picha ya simu, ndiyo inayopelekwa kwenye miadi, hivyo hesabu pia siku za kuituma kwa posta au kwa mkono wa msafiri.

Anayejigharamia mwenyewe huonyesha taarifa ya benki, kwa kawaida ya miezi mitatu ya karibuni, na kiasi ambacho Ujerumani hukitumia kama kipimo ni yuro 45 kwa siku kwa kila mtu. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapojikwaa. Binamu yangu, fundi samani mwenye kazi nzuri, aliomba viza ya nchi moja ya Schengen akiwa na shilingi laki nane katika akaunti, kisha siku mbili kabla ya kuchapisha taarifa shemeji yake akamwekea milioni sita. Ukurasa wa mwisho wa taarifa ulionyesha wazi: mstari baada ya mstari wa laki moja na elfu hamsini, halafu milioni sita kwa mkupuo, bila maelezo. Alinyimwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba fedha halali alikuwa nazo, lakini zilikuwa zinapita katika simu yake kwa M-Pesa na katika daftari la oda. Aliporudia ombi aliambatisha taarifa ya miamala ya simu, leseni ya biashara, cheti cha namba ya mlipakodi na risiti za wateja wake, pamoja na barua ya ukurasa mmoja iliyoeleza jinsi biashara yake inavyoingiza fedha, naye akapewa. Kama kuna fedha kubwa iliyoingia ghafla kwa sababu halali, kama vile kuuza kiwanja au kupokea mafao, weka mkataba au barua inayoeleza chanzo chake.

Mwisho wa jalada ni uthibitisho kwamba utarudi. Aliyeajiriwa alete barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, na ruhusa ya likizo kwa tarehe zile zile za safari, pamoja na hati za mshahara za miezi mitatu. Mfanyabiashara alete usajili na nyaraka za kodi. Mwanafunzi alete barua ya chuo. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki nyumbani, na hati ya nyumba au shamba vinasaidia, ingawa hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Barua iliyoandikwa kwa Kiswahili tu, mathalani ile ya serikali ya mtaa, itafsiriwe kwa Kijerumani au Kiingereza. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya maandishi ya mzazi mwingine.

Kabla ya kufunga jalada, chukua karatasi tupu uandike tarehe ya kwenda na ya kurudi kama zinavyoonekana katika fomu, tiketi, bima, mwaliko, hoteli na barua ya likizo. Zikitofautiana hata kwa siku moja, sahihisha. Zoezi hili huchukua robo saa, na kama kuna jambo moja la kulishika katika mwongozo huu, liwe hili.

Hatua ya tano: Siku ya miadi

Fika mapema ukiwa na nyaraka halisi na nakala zake. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyetimiza 12, na chini ya miaka 6 hakuna malipo. Pale ambapo maombi hupokelewa na kampuni kwa niaba ya ubalozi, huongezwa gharama ya huduma isiyozidi nusu ya ada hiyo. Ada haitarejeshwa ukinyimwa. Huchukuliwa alama za vidole vyote kumi, isipokuwa kwa watoto walio chini ya miaka 12, na aliyewahi kuzitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita huenda asitakiwe kuzitoa tena. Ukiulizwa maswali, jibu kwa ufupi na kwa yale yaliyomo katika jalada. Si aibu kusema kwamba unakwenda kumwona mjukuu wako aliyezaliwa. Ni sababu nzuri kuliko kujifanya mtalii wa majumba ya makumbusho ambayo huyajui.

Hatua ya sita: Soma stika ya viza kabla ya kutoka mlangoni

Stika ya Ujerumani imeandikwa kwa Kijerumani, na tarehe zake huwachanganya wengi. Chukua mfano wa mtu aliyeomba kukaa kuanzia tarehe 5 hadi 24 Juni 2026. Katika stika yake, baada ya neno VOM ataona 05-06-26, na baada ya BIS ataona 09-07-26. Atafurahi akidhani ameongezewa muda hadi Julai. Chini yake, penye DAUER DES AUFENTHALTS, imeandikwa 20, na hiyo ndiyo idadi ya siku anazoruhusiwa kukaa. Siku 15 za ziada kati ya VOM na BIS huwekwa kwa kawaida ili safari ikisogea mbele kidogo viza isife, lakini hazimpi hata siku moja ya kukaa zaidi ya zile 20. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, hata kama ndege ilitua saa tano usiku.

Penye ANZAHL DER EINREISEN pana idadi ya maingizo: 01, 02 au MULT, yaani maingizo mengi. Mwenye 01 akitoka kwenda London kumsalimu shangazi hawezi kurudi Ujerumani kwa viza hiyo, hata kama siku zake hazijaisha, ilhali akienda Paris au Zurich hajatoka Schengen. Hakiki pia jina, namba ya pasipoti na maneno SCHENGENER STAATEN. Kosa likiwepo, lirudishe siku hiyo hiyo.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Zamani mtu aliweza kuandikia ubalozi wa Ujerumani barua ya pingamizi bila gharama. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025, na sasa njia ya kupinga ni kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa safari fupi naona ni afadhali kuomba upya, na hakuna muda wa kusubiri uliowekwa, mradi ombi la pili lijibu sababu iliyotajwa badala ya kurudia karatasi zile zile.

Hatua ya saba: Mpakani

Viza inakuruhusu kufika mpakani na kuomba kuingia. Uamuzi wa kukuingiza ni wa afisa aliye pale. Ukipitia Amsterdam, ukaguzi wa kuingia Schengen utafanyika huko huko Amsterdam, na ukipitia Doha, Istanbul au Addis Ababa utafanyika Ujerumani. Beba mkononi, si katika begi lililopakiwa chini ya ndege, nakala za mwaliko au hoteli, bima, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa fedha, kwa kuwa afisa ana haki ya kuviulizia. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza hatua kwa hatua kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa kila mgeni, uitwao EES, badala ya mihuri. Mwenye viza hupigwa picha ya uso, kwani alama zake za vidole zimekwisha hifadhiwa wakati wa kuomba. Mfumo huo huhesabu siku wenyewe, na aliyezidisha hata siku moja huonekana papo hapo.

Mizigo nayo ina sheria zake, na zawadi za mama ndizo zinazoachwa uwanjani. Nyama ya aina yoyote, zikiwemo sambusa za nyama, pamoja na maziwa na samli, haziruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe na parachichi hazimo. Mwenye fedha taslimu zinazofikia yuro 10,000 ni lazima azitangaze forodhani.

Hatua ya nane: Ukiwa huko, na wakati wa kurudi

Tembea na pasipoti yako hata ndani ya treni, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na anayetoka Strasbourg au Salzburg anaweza kusimamishwa.

Kwa mwenye viza ya maingizo mengi, hesabu ya siku 90 hufanywa kwa kurudi nyuma: kila siku uliyopo, hesabu siku 180 zilizopita pamoja na hiyo ya leo, na jumla ya siku ulizokaa isizidi 90. Aliyekaa kuanzia tarehe 1 hadi 30 Machi ametumia siku 30, na hadi tarehe 27 Agosti anazo 60 tu za kutumia. Kuanzia tarehe 28 Agosti siku za Machi huanza kudondoka moja moja. Ukipatwa na ugonjwa mkubwa, msiba au ndege zikasitishwa, nenda ofisi ya wageni kabla siku zako hazijaisha ukiwa na uthibitisho, kwani kurefusha kunawezekana kwa sababu za namna hiyo tu.

Ukirudi nyumbani, usitupe pasipoti ya zamani wala vipande vya tiketi za kupandia ndege. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anastahili kupewa ya maingizo mengi ya mwaka mmoja, baada yake ya miaka miwili, na hatimaye ya miaka mitano, ikiwa pasipoti yake inaufikia muda huo. Weka nakala za viza hizo mwanzoni mwa jalada lako lijalo, zikifuatana kwa tarehe.